Nani Anaongeza? Shajara ya Mnada wa Mikeka

Jumamosi, 6 Januari 2024

Mama mdogo kanipigia kutoka Konde, Pemba. Mchuuzi wa siku zote amekuja, kautandaza mkeka uani, kaugeuza nyuma, kavuta mshono kwa kucha, mwisho katoa shilingi 25,000. Ndiyo bei aliyotoa mwaka jana na mwaka juzi. Mama mdogo kaipokea, maana skuli zinafunguliwa na sare hazijanunuliwa.

Nikamuuliza kama alijaribu kutaja bei yake mwenyewe. "Mwanangu, bei anataja mwenye pesa," kanijibu, bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza kwamba maji hupwa na kujaa.

Uchungu nimebaki nao mimi. Juzi tu nimepita Mji Mkongwe nikaona mkeka wa ukindu, ukili mpana, rangi zimechujuka, umeandikwa bei inayozidi hiyo mara tatu. Baina ya ua wa Konde na ukuta wa duka lile wamo watu kadhaa, na kila mmoja kaulizwa anataka kiasi gani. Aliyesuka hakuulizwa.

Mkeka wake ujao nitaunadi. Grupu la WhatsApp, picha, bei ya kuanzia, saa ya kufunga. Anayeutaka aseme mbele ya wenzake atatoa ngapi.

Jumapili, 14 Januari

Nimeamkia Malindi kutazama samaki wakinadiwa. Dalali husimama juu ya fungu la changu, huanza na bei ndogo, kisha hupandisha kwa sauti isiyopumzika huku macho yake yakiokota ishara: huyu kainua nyusi, yule kagusa kofia. Muda si muda samaki wana mwenyewe, na kelele zimehamia fungu la pili. Haraka ile ina sababu. Jua likipanda samaki wanalegea, na anayekimbizwa ni muuzaji.

Mkeka hauozi. Mvuvi hawezi kurudi nyumbani na changu wake akasubiri wiki ijayo, lakini msukaji anaweza kuukunja mkeka akauweka, mradi njaa haimsukumi. Kwa hiyo mnada wetu utakwenda kutwa nzima, ili na aliye kazini, na aliye safarini, apate nafasi ya kusema.

Nimeona jingine pia. Mnunuzi wa Malindi hufunua shavu la samaki atazame wekundu. Mnunuzi wa kwenye simu hana cha kufunua. Picha zitapigwa mbele, nyuma, pembe zote nne, mshono kwa karibu, na futi ya kupimia imelazwa juu ya mkeka. Kama kuna mahali rangi imevuja, picha ya mahali hapo itangulie.

Jumatano, 24 Januari

Tumekaa kwenye simu na mama mdogo mpaka salio limekatika, nikaongeza tukaendelea. Nataka bei ya chini itoke kwake, yaani ile ambayo ikikosekana mkeka unarudi darini. Yeye anasema siku zake hazihesabiki. Anasuka wali ukiwa jikoni, anasuka akizungumza na jirani, anasuka umeme ukikatika. Utahesabu nini hapo?

Tukahesabu kwa kipimo chake, pima. Ukili wake una upana wa inchi 2. Mkeka wa futi 6 kwa 4 unataka ukili uende na kurudi mara 24 ndipo upana utimie, na kila mwendo ni futi 6, ambayo ni pima moja. Pima 24 basi. Akitulia, baina ya adhuhuri na magharibi anatoa pima mbili. Hiyo ni michana 12 ya kusuka tu. Bado kwenda kutafuta ukindu, na unaofaa ni ule uchipukizi wa kati ambao haujafunguka. Bado kuuanika mpaka uwe mweupe, kuuchana chane za upana mmoja, kuchemsha rangi, tena rangi nyingine, kuanika upya. Bado kushona, kazi inayomuumiza macho kuliko zote.

Kimya kikapita upande wa pili. "Kumbe ndiyo yote hayo," akasema. Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo: "Arubaini na tano. Chini ya hapo mkeka ukae."

Nimeandika 45,000 kwenye jalada la daftari hili.

Ijumaa, 2 Februari

Binamu yangu, kijana wa simu na mitandao, ananisaidia sana. Yeye ndiye aliyepanga grupu na kukusanya watu: walimu, wauguzi, jamaa walioko Dar es Salaam, wengine Muscat. Leo baada ya Sala ya Ijumaa kaja na shauri lake. Atumie namba mbili za rafiki zake, wawe wanapandisha bei kila inaposimama, watu wachangamke. "Hawatanunua, wanakoleza tu. Na pesa zaidi si zinakwenda kwa mama?"

Baba alikuwa kibarazani, kahawa mkononi. Kamwita, kamkalisha, hakumgombeza. Kamsimulia hadithi iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik, iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi. Mtu wa Madina, katika Ansari, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Akaulizwa nyumbani mwake mna nini. Akasema mna tandiko, upande wanajifunika na upande wanalalia, na bakuli la kunywea maji. Mtume akataka viletwe, akavishika kwa mkono wake, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja. Akauliza nani anaongeza, akarudia, mpaka mwingine akatoa mbili. Dirhamu zote mbili akapewa mwenye mali: moja anunue chakula cha watu wake, moja anunue shoka. Mtume mwenyewe akalitia shoka lile mpini, akamwambia akakate kuni akauze. Yule mtu aliporudi baada ya siku 15 alikuwa na dirhamu 10.

"Tandiko," Baba akarudia, akanitazama mimi. "Kilichonadiwa ni tandiko la maskini. Na mkononi mwa nani?" Kisha akamgeukia binamu: Mtume huyo huyo amekataza najshi, kupandisha bei ya kitu usichokusudia kununua. Aliyeongeza pale Madina aliitoa dirhamu ya pili. Asingeitoa, shoka lingenunuliwa na nini?

Binamu kanyamaza, kisha kaniomba nimfutie wale wawili kwenye grupu.

Baba kanigeukia na mimi: fungu lako ni kiasi gani, na nani analijua? Nikamwambia fungu moja katika kumi. Ujira wa dalali ni halali, kasema, lakini uwe wazi kabla mtu hajataja bei. Sasa umeandikwa kwenye kila tangazo, juu kabisa: fungu tisa kwa msukaji, moja kwa anayenadi.

Jumamosi, 17 Februari

Mnada umefunguliwa saa 2 asubuhi kwa 45,000. Mpaka adhuhuri ulikuwa 52,000, halafu kimya, alasiri kimya, magharibi kimya. Tulisema tunafunga saa 3 usiku. Saa 2 na dakika 59 mtu ambaye kutwa hakutoa neno kaandika 60,000, saa ikagonga, kwisha. Hapo hapo wawili wakalalamika. Mmoja alikuwa na 65,000 mkononi, mtandao wake ukavuta.

Haya si ya kwetu peke yetu. Minada ya eBay hufungwa kwa saa maalumu, na huko watu wamezoea kuvizia sekunde za mwisho. Amazon nao walipokuwa na minada yao waliweka kanuni nyingine: ukitaja bei mwishoni, muda unasogea dakika 10. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walizilinganisha nyumba hizi mbili katika makala yao ya mwaka 2002, wakaona wanunuzi wa eBay huchelewa zaidi kutaja bei. Kuvizia hakuna faida pale ambapo wenzako watapata nafasi ya kukujibu.

Kanuni yetu kuanzia leo: bei ikitajwa ndani ya dakika 5 za mwisho, zinaongezwa dakika 5 nyingine, mpaka kimya kiwe kimya kweli. Dalali wa Malindi hufanya vivyo hivyo bila saa. Huwazungushia macho wote kabla hajapiga mkono.

Mama mdogo kaambiwa 60,000. Kauliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Jumanne, 20 Februari

Aliyeshinda hajalipa. Simu inaita haipokewi, sasa imezimwa kabisa. Mkeka kapewa aliyemfuatia, kwa bei yake aliyoitaja, 52,000, na kalipa kwa simu kabla ya alasiri. Yule wa 65,000 nilimuuliza, akasema pesa ameshazielekeza pengine, na haki yake.

Grupu zima limeelezwa kilichotokea, jina la mtu bila kutajwa. Kuanzia sasa malipo ni ndani ya saa 24, na asiyelipa hatataja bei tena kwetu. Fungu langu katika mkeka huu nimemwachia mama mdogo.

Jumamosi, 9 Machi

Ramadhani inabisha hodi na watu wanauliza makawa na misala. Majirani wawili wa mama mdogo wameleta vyao. Kawa moja, yenye mistari ya zambarau na kijani inayopanda mpaka kwenye ncha bila kupotea hata mahali pamoja, imefika bei ambayo muuguzi mmoja wa Mnazi Mmoja na mwalimu mmoja wa Dar es Salaam wameigombania mpaka saa 4 usiku. Nilifurahi kuliko nilivyotazamia. Watu wazima wawili, wenye mishahara ya kuhesabia, wakigombania kifuniko cha sahani kwa sababu ni kizuri.

Ijumaa, 29 Machi

Nimejaribu namna nyingine kwa msala. Mwaka 1961 mchumi William Vickrey alieleza mnada wa siri ambao kila mtu huandika bei yake ya juu kabisa peke yake, mwenye kubwa hushinda, lakini hulipa ile iliyoandikwa na wa pili. Faida yake ni kwamba huna sababu ya kudanganya. Ukiandika chini ya unachoweza kutoa, unajiweka katika hatari ya kukosa kitu ulichokitaka. Ukiandika juu ya hapo, unaweza kulazimika kulipa usichokuwa tayari kukitoa. Mwaka 1996 alitangazwa mshindi wa Nobeli, akafariki siku tatu baadaye.

Nilieleza hayo kwenye grupu kwa makini. Mzee mmoja wa Tanga akaleta swali lake: "Mwanangu, hiyo bei ya pili tutaijuaje kama hukuitunga wewe?"

Swali hilo ni la haki, na elimu yote ya Vickrey inalihitaji jibu lake. Namna ile inataka dalali ambaye hakuna anayemtilia shaka, nasi bado hatujajuana. Mnada umerudi uwanjani, kila bei inaonekana na wote, na mzee wa Tanga ndiye aliyeupata msala.

Jumapili, 14 Aprili

Idi imepita salama. Jamaa mmoja wa Muscat, mwenye asili ya Pemba, anataka mkeka mkubwa apelekewe kwa ndege. Hapa nimejifunza hesabu mpya. Wasafirishaji hawatazami mzani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000, wakachukua kilo zilizo kubwa zaidi baina ya hizo na za mzani. Mkeka wa futi 4 ukikunjwa una urefu wa sentimita 122 na unene wa 15 kwa 15. Unahesabiwa karibu kilo 5 na nusu, na unaushika kwa mkono mmoja! Kawa ndiyo haisafiriki kabisa, maana imejaa hewa. Kwa wa mbali tutaandika nauli peke yake na bei ya kazi peke yake, wasije wakadhani zile pesa zote zinafika Konde. Wa Muscat mwenyewe kasema ana abiria kila mwezi, mkeka utapanda naye.

Jambo la leo hasa ni hili. Mtu anayeijua biashara ya watalii kanishauri niweke picha ya mama mdogo mwenyewe, amekaa chini, nguo za kazini, na maneno ya shida zake. Bei itapanda, kaniapia. Niliagana naye karibu na kanisa la Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga, Juni 1873. Hapo watu walisimamishwa, wakakaguliwa meno na mikono, wakatajiwa bei. Mimi ni mtoto wa mji huu na nitanadi vitu katika mji huu, lakini uso wa mtu hautakaa kwenye tangazo langu chini ya namba ya shilingi. Jina la msukaji litaandikwa akiridhia mwenyewe. Picha itakuwa ya mkeka.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Boti hazikusafiri, na mizigo ya Dar es Salaam imelala bandarini. Konde mvua za masika zimeshika tangu Machi, ukindu haukauki, unaota ukungu ukikunjwa na unyevu. Mama mdogo kaniambia kwa huzuni kwamba mkeka alioumaliza umepata doa la kijivu pembeni, si kubwa, halitoki. Yeye mzima, nyumba nzima. Nimemwambia mkeka utakaa.

Jumapili, 12 Mei

Intaneti imekufa. Asubuhi ilikuwapo, saa 5 haipo. Redio inasema nyaya za chini ya bahari zimekatika upande wa Afrika Kusini. Mnada wa mkeka mkubwa wenye nyota nyekundu uko wazi tangu saa 2, na bei ya mwisho niliyoiona ni 58,000.

Meseji za kawaida zinapita. Nimeketi nikaziandika, moja moja, kwa kila aliyetaja bei na kila aliyejiandikisha: mnada umesimama, 58,000 inabaki, tutafungua tena mtandao ukirudi na taarifa mtapewa siku moja kabla. Za Muscat sijui kama zimefika.

Jumatano, 15 Mei

Mtandao umerudi kwa kusuasua. Simu ilipofunguka, ujumbe wa Jumapili ukamiminika. Mmojawapo ni wa jamaa wa Muscat: saa 7 mchana alitaja 70,000, akaona hakuna aliyemjibu mpaka saa 3 usiku, akatuma hongera kwa nafsi yake na kuuliza alipe kwa njia gani.

Nimehangaika nalo tangu alfajiri. Kwa kanuni zilizoandikwa, bei yake ni halali na saa ilifika. Kwa macho ya walioko Unguja na Pemba, waliokuwa gizani, hapakuwa na mnada. Na 70,000 ni pesa nzuri, ningeweza kufunga hapo nisilaumiwe na mtu. Mkeka si wangu lakini. Nikampigia mama mdogo.

Kasikiliza mpaka mwisho. "Huyo bwana aliongea peke yake kwenye chumba kitupu," kasema. "Kosa si lake. Mwambie kwa adabu, kisha waite wote warudi."

Nilimwambia kwa adabu. Alikasirika, na ghadhabu yake sikuiona ya bure. Usiku kaandika tena: aliyesema hivyo ni mama mwenyewe? Nikamwambia ndiyo. Akasema atarudi mnadani.

Jumamosi, 18 Mei

Umefungwa saa 3 na dakika 20 usiku kwa 82,000. Kauchukua mwalimu wa kike wa Chake Chake. Wa Muscat aliishia 80,000, kampongeza mwenzake mbele ya wote.

Jumapili, 2 Juni

Mkeka wenye doa tumeunadi jana. Doa liliwekwa picha ya kwanza, futi juu yake, inchi 3, na maneno kwamba halitoki. Binamu alihofu hakuna atakayeutaka. Nilimkumbusha habari ya Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay mwaka 1995: kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, ikaenda kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama anajua ni mbovu, akajibiwa kuwa anakusanya mbovu. Mkeka wetu umetoka kwa 47,000. Mnunuzi anasema doa litakaa chini ya kabati.

Leo nilimsomea mama mdogo daftari lote la bei, kila mtu na alichotaja, tangu wa chini mpaka wa juu. Nilidhani atataka kusikia walioshinda. Yeye alinisimamisha kwa walioshindwa. Huyu wa Muscat wa 80,000, kapata mkeka? Hakupata. Na huyu muuguzi wa 76,000? Hakupata. Na wa 74,000?

"Basi hawa wote wameshasema watatoa ngapi na wamerudi mikono mitupu," kasema. "Kwa nini wangoje mnada?"

Sikuwa nimeitazama hivyo. Mshindi ni mmoja, lakini kila aliyetaja bei amejiandikia oda kwa mkono wake mwenyewe, hadharani, na msukaji ana bei yake mkononi kabla hajakata ukindu. Tumekubaliana nitawauliza mmoja mmoja kama bado wanataka, kwa bei ile ile waliyoitaja, hakuna kuzidishwa. Mnadani utapelekwa mkeka mmoja tu kila mwezi, ule wa mtindo mpya ambao yeye mwenyewe hajui thamani yake. Jirani zake wawili watashika oda za futi 6 kwa 4, yeye atashika za nyota. Bei ya chini kaipandisha mwenyewe: 60,000.

Mchuuzi naye alipita wiki iliyopita. Kakuta mkeka umetandazwa uani, kauliza bei, katajiwa. Kasema atafikiri. Mama mdogo kamkaribisha chai.

Kesho nampigia kwanza wa Muscat, abiria wake anasafiri tarehe 20.